Nani Alikandika Ukuta? Historia ya Kutunza Nyumba Turiani



Katika mafunzo ya bibi harusi huku kwetu Visiwani husemwa mengi juu ya nyumba. Mwari hufundishwa kufukiza udi, kutandika kitanda, kupanga jiko, kumpokea mume anaporudi. Ukuta wenyewe hausemwi. Ukianza kuchimbika, nani anauziba? Paa likivuja ni kazi ya nani? Na aliyeifanya kazi hiyo miaka 20 ana haki gani katika nyumba ile siku ndoa ikivunjika?

Siku hizi wasichana wetu wengi wanaolewa bara, kwa hivyo tumelitafuta jibu huko huko bara, tena mahali ambapo wengi wetu tunapajua kwa jina la sukari tu. Tunakusudia Turiani.

Turiani ipo wilaya ya Mvomero, mkoa wa Morogoro, kiasi cha kilomita 100 kwa barabara kutoka Morogoro mjini. Imekaa chini ya milima ya Nguru, jirani na mashamba ya miwa ya Mtibwa. Mito inashuka kutoka msituni, mpunga unaota, na mvua ya masika inapiga kwelikweli. Wenyeji wa asili ni Wanguu na Wazigua, pamoja na Waluguru, kisha wakaja watu wa kila kabila waliofuata kazi ya miwa. Misikiti ipo, na Mhonda, pale juu kidogo, ipo misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1877 na mapadri waliotoka Bagamoyo. Ni nchi ya watu mchanganyiko, waliozoea kuishi pamoja.

Nyumba ya zamani ya huko haikuwa ngeni kwa mtu wa shamba wa Unguja au Pemba. Nguzo zinasimikwa ardhini, fito zinafungwa kwa kamba za magome ya miti, udongo unajazwa katikati, juu wanaezeka nyasi pale ambapo sisi tunaezeka makuti. Kale zaidi nyumba nyingi zilikuwa za duara, za msonge, na nyumba ya pembe nne ilienea baadaye, kwa sehemu kubwa ikitokea pwani. Wanaume walikata miti na kuezeka. Wanawake walichota maji, wakakanda udongo, wakakandika kuta, wakasiriba sakafu.

Hapa tusimame kidogo, maana watu husema "nyumba ya udongo" kana kwamba ni kitu kinachojengwa siku moja na kwisha. Udongo wa kwanza ukikauka hupasuka, na lazima upasuke. Mwenye ujuzi husubiri mpaka nyufa zimalize kufunguka, halafu ndipo huja na udongo wa pili, laini zaidi, akausukuma ndani ya nyufa kwa kiganja. Baada ya hapo ndiyo unakuja udongo wa kupendezesha, mwekundu au mweupe kwa kadiri eneo lilivyojaaliwa, uliochanganywa na jivu, na penye ng'ombe na mavi ya ng'ombe ili usipasuke tena. Kwa sakafu wengi walipenda udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshausaga na kuushikamanisha. Anayekandika hutumia mkono mtupu. Ukitazama ukuta wa namna hiyo jua linapolala, utaona alama za vidole kuanzia chini mpaka juu.

Adui wa nyumba hii ni maji, na hayaji kutoka juu peke yake. Tone la mvua linalodondoka kutoka ukingoni mwa paa hupiga ardhi, likaruka na kulamba miguu ya ukuta. Ndiyo maana paa lilitokezwa mbele sana, na ndiyo maana kikawekwa kibaraza cha udongo kuizunguka nyumba: kibaraza kinaliwa na mvua badala ya ukuta, na kibaraza ni rahisi kukijaza tena. Hata ufagio una lake. Uwanja unaofagiwa kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa hupoteza udongo kidogo kidogo, na baada ya miaka mguu wa nyumba unabaki wazi. Mama mwenye busara hurudisha udongo aliouondoa. Sisi tuliosifiwa tangu utotoni kwa kufagia uwanja hatukuambiwa hilo.

Kisha mchwa. Vijia vyao vya udongo vinavyopanda ukutani huvunjwa vikionekana, jivu likamwagwa chini. Moshi wa jiko nao ulikuwa dawa: ulipanda mpaka kwenye nyasi na fito, ukafukuza wadudu na kukausha mahindi yaliyotundikwa juu. Macho ya mama yaliumia kwa moshi huo na kifua pia, hatutaki kuupamba. Lakini paa lililokaa juu ya moto liliishi zaidi kuliko paa la nyumba iliyohamwa. Nyumba isiyo na mtu huanguka upesi, na sababu yake unaweza kuieleza bila kutaja majini.

Kazi yote hii ilifuata majira. Masika ya Machi mpaka Mei ilikuwa ni kuzuia tu: kuhamisha vyombo, kuziba panapovuja, kuchimba mfereji maji yapite pembeni. Kuanzia Juni, mvua zikikatika, nyasi zikikauka na udongo ukiwa bado unakandika, ndipo nyumba ilipotengenezwa kabla ya vuli kurudi. Na kazi hii ikirudi mwaka baada ya mwaka, udongo wa mwanzo huwa umeshaondoka na ukuta unaoonekana ni mwingine. Mume alisimika nguzo mara moja. Aliyeujenga ukuta ule mara nyingi ni mwanamke.

Usidhani maji yaliogopa mawe. Mwaka 1871 Stanley, yule mwandishi aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipita penye mji wa Simbamwene, mahali ilipo Morogoro ya leo. Mji ule ulijengwa na Kisabengo, mtu mwenye asili ya Kizigua, na wakati huo ulitawaliwa na binti yake. Naam, mwanamke. Stanley aliusifu kwa kuta zake za mawe na minara yake. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yamechukua ukuta wa mbele na nyumba nyingi. Na sisi wa Unguja tunasema haya tukiwa na Beit al-Ajaib yetu, iliyojengwa 1883 na kuporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Disemba 2020. Chokaa na matumbawe vinataka mkono wa kila mwaka sawasawa na udongo wa Turiani.

Sasa tuje kwenye umiliki, kwa sababu hapo ndipo penye uzito.

Wanguu, Wazigua na Waluguru wote, kwa asili, ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ana sauti kubwa, na kwa Waluguru hasa ardhi ilishikwa na ukoo, kila mwanaukoo akapewa sehemu yake. Mara nyingi mume ndiye aliyehamia kwa mke. Kwa hivyo mwanamke aliyekandika ukuta alikandika nyumba iliyosimama juu ya ardhi ya mama zake. Ndoa ikivunjika, mume alichukua vitu vyake akaondoka. Mwanamke alibaki na watoto, shamba na ukuta wake. Hakuna aliyemtaka aeleze amechangia nini.

Hatusemi mila hiyo ilikuwa pepo. Mwanamke alikuwa chini ya macho ya mjomba na kaka zake, na mirathi ya ukoo wa mama haikwenda sawa na faraidhi, jambo lililoleta maneno katika familia za Kiislamu za huko. Ila katika hili moja, kazi ya mikono yake haikupotea.

Mabadiliko yalikuja polepole, na hayakuja kwa jina la nyumba. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Nyumba iliyokuwa ikihesabiwa kwa mama aliyemo ikawa inahesabiwa kwa mwanamume anayelipa. Mwenye wake wawili wenye nyumba mbili alilipa mara mbili. Sehemu nyingi za nchi watu wakaanza kujibana katika nyumba moja kukwepa kodi, na mwanamke aliyebanwa chumba kimoja na wenzake hana tena ukuta anaoweza kuuita wake. Waingereza nao waliendelea na kodi ya nyumba walipokamata nchi.

Kisha ikaja miwa. Kuanzia miaka ya 1960 Mtibwa ilikua ikawa shamba kubwa lenye kiwanda, na kama ilivyo kwenye mashamba makubwa yote, vibarua na wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala. Nyumba ya kambini hutolewa kwa mwenye ajira, na mwenye ajira kwa kawaida alikuwa mwanamume. Mke anaifagia, anaipaka chokaa, anaziba panya njia. Kazi ikiisha, au mume akifariki, au talaka ikitoka, nyumba inarudi kwa mwenye shamba. Nyumba ya namna hii si ya ukoo wake, wala si ya mumewe.

Mwaka 1973 utunzaji wa nyumba ulipata heshima ambayo haijawahi kuipata kabla wala baada. Hiyo ndiyo kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kufanya kazi. Waliojiunga nchi nzima walikuwa karibu milioni 2. Waliambiwa juu ya malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu, na dawa iliyoelezwa ilikuwa nyumbani kwao: fukia madimbwi, fyeka nyasi, chimba choo, chemsha maji. Kwa nchi yenye mpunga na mifereji kama Turiani, maneno haya yaligusa penyewe. Tunaipenda kampeni hii, lakini tunaona pia kwamba kazi nyingi zilizotangazwa redioni kama wajibu wa taifa zilikuwa tayari ndizo kazi za mama kila siku. Tofauti ni kwamba safari hii wanaume nao walishika jembe, walau kwa wiki zile.

Mwisho wa mwaka huo huo ikatoka amri kwamba watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji ifikapo mwisho wa 1976. Nyumba mpya zilijengwa mbiombio, kando ya barabara, kwenye viwanja vilivyogawiwa na kijiji, na kiwanja kikiandikwa, mara nyingi kinaandikwa kwa mkuu wa kaya. Dada zetu, mkuu wa kaya mnamjua.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipotazama miaka 10 ya Azimio la Arusha mwaka 1977, aliwashutumu watu kwa kung'ang'ania saruji na mabati. Aliona ni kama akili imepooza: saruji kwake ilikuwa udongo wa Ulaya, ilhali udongo wa kuchoma matofali na vigae umejaa nyumbani. Mkoa wa Morogoro una udongo mzuri wa matofali, na ukipita Turiani leo utaona nyumba nyingi za matofali ya kuchoma. Lakini juu yake mna bati. Kwa vigae hakusikilizwa, na hatuwalaumu watu. Aliyelala chini ya nyasi zinazovuja masika nzima hahitaji hotuba kuhusu bati.

Tunachotaka mkione ni bati lilivyobadilisha mgawanyo wa kazi. Nyasi zilizibwa na watu wa nyumbani, kwa kisu na kamba. Bati huvuja kwenye tundu la msumari, hushika kutu kwenye ukingo, na kulitengeneza kunataka ngazi, bati jipya, fundi na fedha. Ukuta wa saruji ukipasuka hauzibwi kwa kiganja. Kazi ikatoka mikononi mwa mwanamke ikaenda mfukoni mwa mwanamume, ndivyo inavyosemwa. Sisi hatukubali usemi huo wote. Fedha ya fundi mara nyingi imetoka katika mpunga aliopalilia mke, au katika vitumbua, au katika mchezo wa kutunza na mashoga zake. Risiti ya duka la vifaa ndiyo inayoandikwa jina la mume.

Na dini yetu inasema nini? Makazi ni juu ya mume. Sura ya At-Talaq, aya ya 6, inaamrisha hata mke aliye katika eda akalishwe anapokaa mume kwa kadiri ya uwezo wake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kupika, kufua na kufagia si wajibu unaotokana na mkataba wa ndoa. Mke akifanya, amefanya hisani na ana malipo kwa Mola wake. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake mpaka ukifika wakati wa sala. Bibi Fatima (r.a.) naye alilalamika mikono yake ilivyoumizwa na jiwe la kusagia. Mikono ya wanawake wa kazi ina historia tangu nyumba ya Mtume.

Mali ya mke vile vile ni yake. Akizitia fedha zake katika nyumba ya mume, zimeingia kama nini? Zawadi? Mkopo? Ushirika? Mkinyamaza wote wawili, siku ya ugomvi kila mmoja atajibu lake.

Serikali ya Tanzania Bara iliingia katika swali hili kwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Huku Visiwani sheria hiyo haitumiki, ndoa zetu zipo kwa Kadhi, lakini binti anayeolewa Turiani anaikuta. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na katika kupima mchango kinataja fedha, mali na kazi. Kinaendelea kusema kwamba mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa nayo huhesabika, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Someni sentensi hiyo tena. Nyumba aliyoikuta bibi harusi ikiwa na nyasi na udongo, akaondoka ikiwa na bati na sakafu ya saruji, haiwi tena nje ya hesabu.

Miaka zaidi ya 10 majaji waligombana juu ya neno mchango. Wengine walisema ni fedha tu, wengine wakasema kazi za nyumbani zimo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikata shauri katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mke na mume Waislamu. Mahakama ilisema kazi ya mke nyumbani ni mchango. Tangu hapo kesi hiyo inatajwa katika kila mgogoro wa mali ya ndoa huko bara.

Ila wengi wanaoitaja husahau mwisho wake. Bi Hawa hakupata sehemu ya nyumba ile. Mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa na mumewe fedha za mradi kwa manufaa ya familia naye hakuzitumia vyema, kwa hiyo mchango wake ukachukuliwa umeshalipwa. Kanuni aliishinda kwa ajili ya wengine, yeye akatoka mikono mitupu.

Kwa bibi harusi anayekwenda Turiani mwaka huu, basi, kabla hajapanga mapazia, aizunguke nyumba mara moja kwa nje. Atazame mguu wa ukuta kama umeliwa, vijia vya mchwa, misumari ya bati, na maji ya paa yanadondokea wapi. Aulize kiwanja kimeandikwa jina la nani, na kama ni ardhi ya ukoo, ukoo wa nani. Amuulize mumewe kwa lugha nzuri, na mbele ya walii ikiwezekana, atakachokitia yeye katika nyumba kitaitwa nini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, nayo inatuambia tusichoke kuandika, kidogo au kikubwa. Daftari la shilingi chache linatosha: tarehe, mifuko mingapi ya saruji, bati ngapi, fundi alilipwa na nani. Na zile siku za Juni alizokandika kwa mkono wake mwenyewe aziandike humo humo, katika ukurasa ule ule wa saruji na bati.